Swichi ya Kuruka

Mimi si mtu wa kumsifu wifi yangu. Ana sifa za kutosha kutoka kwa watu wanaomletea redio, pasi na televisheni zao, wengine wakitoka mitaa ya mbali wamekumbatia majiko ya umeme kifuani. Jina lake halisi analijua mama yake aliyemzaa na ofisi iliyomwandikia kitambulisho. Sisi wengine tunamwita Bisibisi, kwa sababu haonekani bila bisibisi. Hata siku ya harusi yangu, siku ambayo macho yote yalipaswa kuwa kwangu, alichomoa moja kwenye mkoba wake akaenda kufungua kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma. Kikaacha kukoroma, na watu wakampigia makofi yeye. Sijasahau.

Karakana yake inatazamana na mlango wetu, ng'ambo ya kichochoro. Ni chumba kimoja chenye meza ndefu iliyojaa madoa ya kuungua, makopo ya skrubu yaliyopangwa ukutani, na televisheni zilizotupa visogo zikisubiri zamu yao. Juu ya mlango kuna kibao alichokiandika kwa mkono wake: PIMA KWANZA, LAWAMA BAADAYE. Ukimletea redio ukaanza kusimulia jinsi watoto walivyoiharibu, hata hakutazami. Anachukua testa, anagusisha ncha moja hapa na nyingine pale, na umeme ukipita testa inalia piii. Ikikaa kimya, ameshaujua ugonjwa.

"Watoto hawana kosa," atakuambia. "Waya mmoja ndani umekatika. Nenda nyumbani ukawaombe radhi."

Nimewaona wanaume wazima, na vitambi vyao, wakiondoka pale wamenywea.

Yeye mwenyewe lakini haombi radhi. Tangu niolewe katika familia ile sikuwahi kusikia neno samahani likitoka kinywani mwake, isipokuwa umesimama mlangoni naye anataka kupita na televisheni.

Mume wangu ni mdogo wake, tumbo moja, na wako wawili tu. Mtaani anaitwa Kachelewa. Jina hilo alipewa na dada yake akiwa mtoto, na lilitoka kwenye gemu.

Nyuma ya soko palikuwa na ukumbi wa michezo wa mzee mmoja aliyeitwa Bwana Sarafu, maana mle ndani hakuna kilichotikisika bila sarafu. Mashine zake zilikuwa za kusimama, ndefu kama kabati. Juu skrini, chini yake ubao wa kuchezea: kushoto kijiti chenye kichwa cha mviringo, kulia vitufe vya rangi. Kijiti ndicho kilichompeleka mpiganaji wako mbele na nyuma, ukikivuta chini anachuchumaa, ukikisukuma juu anaruka. Vitufe vilikuwa ngumi na mateke. Mchezaji mmoja alitakiwa atumie mikono yake miwili, lakini hawa ndugu walikuwa na sarafu moja kati yao na hakuna aliyekuwa tayari kumpisha mwenzake. Basi wakagawana. Mdogo akashika kijiti, dada akashika vitufe, wakabanana bega kwa bega wakimchezesha mpiganaji mmoja.

Wanaokumbuka wanasema mwanzoni ilikuwa kichekesho. Mpiganaji alirusha mateke mbele huku anakimbilia nyuma. Baada ya muda hapakuwa na cha kucheka, kwa sababu kila aliyewakabili alitoka ameshika kichwa.

"Tulikuwa hatusemezani hata neno," mume wangu aliniambia enzi za uchumba, alipokuwa bado ananihadithia mambo ili nimpende. "Nikisogea, dada ameshapiga. Sijui alikuwa anajuaje."

Bwana Sarafu alipoamua kufunga ukumbi wake, aliandaa mashindano ya kuagana. Fainali ikawa kati ya ndugu hawa na kijana mmoja mwenye mikono mikubwa, aliyeitwa na anayeitwa hadi leo Ngumi, ambaye sasa ana bucha pale kwenye kona. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama juu ya makreti. Duru ya mwisho, mpiganaji wa Ngumi akarusha mpira wa moto. Dawa yake ilikuwa moja tu, kuruka. Mpiganaji wao akabaki amesimama pale pale, moto ukamkumba, akaanguka chali.

Na Bisibisi, mbele ya kadamnasi ile, akamgeukia mdogo wake akapiga kelele: "Umechelewa!"

Ukumbi mzima ulilidaka. Umechelewa, umechelewa, mpaka nje barabarani. Mume wangu alisema alisukuma kwa wakati. Akasema tena kesho yake. Akasema na keshokutwa, halafu akaona kila akisema ndivyo watu wanavyozidi kuvunjika mbavu, akaacha. Kufikia mwisho wa juma alikuwa ameshakuwa Kachelewa, na jina lile likamganda. Wao wawili hawakucheza tena pamoja. Ubao wa mashine ile Bisibisi aliuomba kwa Bwana Sarafu usiku ule ule wa fainali, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa anaokota makorokoro. Alipofungua karakana aliupigilia miguu minne pembeni ukawa meza ya birika la chai. Kila asubuhi mdogo wake huvuka kichochoro, anakaa kwenye kigoda kando ya ubao ule, wanakunywa chai na kubishana kuhusu habari za redioni. Kuhusu fainali hawazungumzi.

Sasa mtazame mtu huyo anayeitwa Kachelewa. Maisha yake yote alikuwa mtunza funguo wa shule, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na hakuna asubuhi ambayo mwalimu alikuta geti limefungwa. Tukialikwa sherehe tunafika kabla ya viti. Nilipokuwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza alinifikisha hospitali mapema kiasi kwamba muuguzi alituuliza tumekuja kumwona mgonjwa gani. Nilikuwa nadhani ni tabia tu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mwenzangu alikuwa bado anabishana na ukumbi ule.

Alipostaafu, shule ilimfanyia hafla ndogo. Wakampa saa ya ukutani, kubwa, ya kupendeza. Mkuu wa shule, kijana mwenye heshima zake ambaye hakuwa na ubaya wowote, akainuka akasema: "Sasa mzee wetu Kachelewa, hata ukichelewa kuamka hakuna wa kukuuliza!" Walimu wakacheka, wanafunzi wakacheka, na mume wangu akacheka pamoja nao. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Niliona mkono wake ulivyoibana ile saa.

Nyumbani aliilaza mezani kifudifudi, akakaa, akasema: "Mama watoto, tunahamia kwa binti yetu."

"Tunahamia nani na nani?"

"Ametuomba mara ngapi? Ana chumba cha uani, ana watoto wanaotaka babu. Mji ule hakuna anayenijua. Nataka umri uliobaki niitwe babu, basi."

Nilipandwa na hasira. Mimi nina cherehani yangu dirishani, nina wateja, nina majirani ambao nimegombana nao na kupatana nao kwa zamu mpaka tumezoeana. Hakuniuliza. Nilifungua mdomo nimpe vipande vyake, nikaona anavyoitazama ile saa iliyolala kifudifudi, nikaufunga. Nilimhurumia. Na mimi huruma ikiniingia huwa sina maana tena.

Tulivuka pamoja kwenda kumwambia dada yake. Bisibisi alikuwa ameinamia redio, chuma cha kulehemu mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Safari njema, mdogo wangu," akasema, akaendelea kulehemu.

Mume wangu akatoka. Mimi nilibaki kidogo, na ndipo nilipoona kwamba chuma kile hakikuchomekwa ukutani. Kilikuwa baridi. Alikuwa anakipitisha juu ya waya, hakuna moshi, hakuna risasi inayoyeyuka, anapitisha tu. Nikasema moyoni, haya, kumbe na huyu ana moyo.

Siku mbili baadaye alinipigia hodi. Alitaka kujua wajukuu zangu kule wanatumia mashine gani ya gemu, ile ya kuchomeka kwenye televisheni. Nilimpigia simu binti yangu, akatuambia aina yake, akaongeza kwamba majirani zao wana aina nyingine na watoto huzunguka nyumba hadi nyumba.

"Nataka kumtengenezea ubao ule wa zamani," Bisibisi akasema. "Aende nao. Pedi za kuchezea za siku hizi, zile za kushika mkononi, ni za vidole vya watoto, yeye hataziweza, atakaa kwenye kochi atazame wenzake. Ubao ule mkono wake unaujua."

"Utaingiaje kwenye mashine mpya? Ule ni wa enzi za kale."

Hapo nilijuta, kwa sababu alinieleza. Nilielewa zaidi ya nilivyotaka. Pedi ya siku hizi, ukiifungua, ndani ina kadi ndogo ya kijani, na juu ya kadi kuna vidoa. Kila kitufe unachobonyeza kinakutanisha vidoa viwili, basi, hakuna uchawi. Na kijiti cha zamani, ukikigeuza, chini yake kina swichi ndogo nne, juu, chini, kushoto, kulia, kila moja ikikutanisha nyaya mbili. Kazi ni ile ile. Unachukua kadi ya pedi iliyovunjika ganda lakini nzima akili, unalehemu waya mwembamba kwenye kila kidoa, unauvuta hadi kwenye swichi yake ya zamani. Mashine mpya inadhani inaongea na pedi yake yenyewe.

Tatizo ni kwamba kila aina ya mashine inataka kadi yake. Bisibisi alikataa kufanya ubao wa mashine moja. Nyaya zote za kijiti na vitufe alizimalizia kwenye soketi moja pana nyuma ya ubao, na kila kadi akaifungia ndani ya kisanduku cha sabuni chenye plagi ya kuingia kwenye soketi ile. Kisanduku cha bluu kwa mashine ya wajukuu, cha waridi kwa ile ya majirani zao, cheupe kwa kompyuta. Vile visanduku vya sabuni vilikuwa vyangu. Nilipovitafuta bafuni na kuvikosa sikuhitaji kuuliza mwizi ni nani.

Kabla ya kuvuta nyaya ilibidi aufungue ubao. Nilifika wakati huo, nikiwa nimekwenda kudai pasi yangu niifungashe. Birika lilikuwa sakafuni, ubao umepinduliwa mezani, miguu juu. Alinionyesha vichwa vya skrubu. Kila kimoja kilikuwa na doa la rangi nyekundu, limekauka.

"Bwana Sarafu alizipaka," akasema. "Ilikuwa kinga yake dhidi ya watoto watundu. Mtu akifungua, rangi inabanduka, anajua. Angalia. Haijabanduka hata moja."

"Na wewe hukuwahi kufungua?"

"Sikuwa na sababu. Haukuwa mbovu."

Akafungua zote, akainua kifuniko cha chini. Vumbi, utando wa buibui, na zile swichi nne kuzunguka kijiti. Akachukua testa, kama anavyofanya kwa kila kitu, akagusisha ncha kwenye swichi ya kushoto na kusukuma kijiti kushoto. Piii. Kulia, piii. Chini, piii. Kila mara mlio ulikuja pale pale mkono ulipoanza kusogea. Akahamia swichi ya juu, ile ya kuruka. Akasukuma. Kijiti kikaenda, kikaenda, kikafika mwisho kikagonga mbao, kimya. Akakandamiza. Ndipo, piii.

Akarudia. Kimya, halafu piii.

Sikuambiwa nikae lakini nilikaa. Bisibisi aliinamia kwa kurunzi, akachokonoa kwa ncha ya bisibisi. Chini ya swichi ile palikuwa na kipande cha kadibodi kilichokunjwa na kupachikwa. Ni kazi ya mtu aliyeona swichi inalegea akaibana kwa alichokikuta mfukoni. Kadibodi ilikuwa imeisukuma swichi upande, mbali na kijiti.

"Bwana Sarafu," Bisibisi akasema taratibu. "Alibana hii kabla ya fainali. Halafu akapaka rangi."

"Wifi," nikasema, "unaniambia mtu wangu amebebeshwa lile jina maisha yake yote kwa sababu ya kipande cha kadibodi?"

Aliigeuzageuza kadibodi ile kwenye vidole vyake.

"Na hukupima?"

"Sikupima."

Sikumsomea kibao chake. Nilikiinulia macho tu pale juu ya mlango, naye akaona nimekiinulia macho.

Ningesema sikufurahi hata kidogo, ningekuwa mwongo. Tangu siku ya kipaza sauti nilikuwa nangoja kumwona Bisibisi amekosea. Lakini furaha yenyewe haikudumu, kwa sababu nilimfikiria mume wangu akiwa mtoto, anasema alisukuma kwa wakati, na hakuna hata mtu mmoja wa kumsadiki, wala dada yake. Macho yakaanza kuniwasha.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini? Lori linakuja Jumamosi. Ukinyamaza nitasema mimi, tena nitapanda juu ya lori niseme kwa sauti."

"Wifi, nakuomba. Niachie mimi."

Neno nakuomba, kutoka kwake, lilinimaliza nguvu. Nikaondoka, pasi yangu nikaisahau pale pale.

Siku zilizofuata nilikuwa na siri mdomoni kama maji ya moto, siwezi kumeza, siwezi kutema. Mume wangu anafunga masanduku kwa kamba, mafundo yake ya uhakika, ananiambia: "Mbona umekuwa mpole hivi?" Mimi najibu kichwa kinaniuma. Chai ya asubuhi walikunywa kama kawaida, ila birika lilikuwa juu ya ndoo iliyofudikizwa, na ubao umefunikwa shuka. Ni zawadi, usiguse, Bisibisi alimwambia. Niliwachungulia dirishani nikisubiri aseme. Hakusema. Walibishana habari za redioni.

Ijumaa niliona kitu kilichonitia wasiwasi. Mezani kwake palikuwa na swichi mpya, ndogo, nyeusi, bado ndani ya kipakiti. Nikawaza, huyu atabadilisha swichi, atatupa kadibodi jalalani, na mume wangu atapewa ubao mzuri usio na kasoro, aende nao akacheze, na jina lake limfuate huko huko. Nilimkasirikia hata nikashona zipu kinyume.

Jumamosi lori lilikuja. Mume wangu alikuwa ameamka mapema, amevaa koti, amekaa juu ya sanduku mlangoni tangu jua halijachomoza. Majirani walitoka kusaidia na kuaga. Meza ikapanda, kabati likapanda, godoro likapanda. Ndipo Ngumi akaja kutoka buchani, aproni yake imetapakaa, na kwapani kabeba mashine ya gemu ya wanawe.

"Kachelewa!" akaita kwa bashasha. "Dada yako kasema nije na hii. Kuna nini?"

Bisibisi alikuwa ameitoa televisheni nje, juu ya meza, waya umevutwa kutoka karakana. Mbele yake aliuweka ule ubao, umesuguliwa na kung'arishwa, vitufe vinameta. Akachomeka kisanduku cheupe kwenye soketi, kwa kuwa Ngumi alikuwa amemwambia mashine ya wanawe inakubali kadi ile ya kompyuta. Kwenye skrini ikatokea gemu ile ile ya ujana wao, maana siku hizi zile za zamani wamezirudisha kwenye mashine mpya. Watu wakasogea. Hata dereva wa lori akashuka.

"Marudio ya fainali," Bisibisi akatangaza. "Ngumi na pedi yake, sisi na ubao wetu."

Mume wangu aligeuza uso. "Dada, niache. Nina safari."

"Raundi moja, mdogo wangu. Ila tubadilishane. Kijiti nipe mimi, wewe shika vitufe."

Alikubali shingo upande, kwa sababu watu walikuwa wanatazama na yeye ni mtu wa adabu. Wakasimama bega kwa bega. Ngumi akakohoa, vidole vyake vinene vikahangaika kwenye pedi, halafu mpiganaji wake akarusha mpira wa moto.

Bisibisi akasukuma juu. Mpiganaji wao akabaki amesimama, akaungua.

"Bisibisi, umechelewa!" Ngumi akapiga kelele, na kichochoro kizima kikalipuka kwa vicheko.

"Rusha tena," Bisibisi akasema.

Akarusha tena. Bisibisi alisukuma mpaka visigino vikanyanyuka. Wapi. Moto ukamla. Watu walikuwa wanapigana vibao mgongoni kwa kucheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshaelewa wifi yangu anafanya nini. Swichi ilikuwa ile ile ya zamani. Alikuwa ameirudisha na kadibodi yake.

Na mume wangu hakucheka. Hakuwa anatazama skrini. Alikuwa anatazama mkono wa dada yake.

"Rusha mara nyingine," akasema yeye mwenyewe. Ngumi akarusha, Bisibisi akasukuma, moto ukamla. "Lakini dada, hujachelewa. Nimeona. Umesukuma kabla moto haujatoka."

"Umeona?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Bisibisi akaachia kijiti. Aliupindua ubao, akafungua kifuniko, akachukua testa mfukoni. "Sogeeni," akawaambia watu. Akawaonyesha: kushoto, piii, kulia, piii, chini, piii. Juu, kimya, kimya, piii. Akachomoa kadibodi akainyanyua wote waione.

"Hii ilikuwamo siku ya fainali. Rangi ya Bwana Sarafu ilikuwa bado juu ya skrubu, wifi yangu ni shahidi. Mdogo wangu alisukuma kwa wakati. Alisema, nami sikumsikiliza. Napima redio za watu wote, yeye sikumpima. Nilimtangaza bure, mbele za watu, na leo nasema mbele za watu."  Akamgeukia. "Nisamehe, mdogo wangu."



Mume wangu alinyoosha mkono akashika kijiti kile kilichopinduliwa. Akasukuma juu, akasikiliza. Kimya, piii. Akasukuma tena, na tena, ameinamisha kichwa.

"Nilisukuma," akasema.

"Ulisukuma."

"Nilikuwa nasema nilisukuma."

"Ulisema. Ulisema sana."

Nilijifuta kwa kanga nikijifanya vumbi limeniingia. Ngumi ndiye aliyetuokoa, maana hajui kunyamaza. "Sasa ngojeni. Kwa hiyo ushindi wangu mimi?"

"Ushindi wako ulikuwa wa kadibodi," Bisibisi akamjibu, na watu wakaangua kicheko, mume wangu miongoni mwao, kicheko chake cha kweli ambacho nilikuwa sijakisikia muda mrefu. "Na nyinyi wengine, atakayemwita lile jina kuanzia leo, redio yake aipeleke kwingine."

"Dada," mume wangu akasema huku anavua koti, "swichi nzima unayo?"

Bisibisi aliitoa kwenye mfuko wa aproni yake, ile nyeusi, bado ndani ya kipakiti. Safari hii chuma cha kulehemu kilikuwa kimechomekwa. Moshi mwembamba ukapanda, nyaya mbili zikashika, kifuniko kikarudi. Akapima. Piii, pale pale. Halafu akasogea upande wa kulia, kwenye vitufe vyake, akamwachia mdogo wake nafasi ya kushoto.

Walianza vibaya. Mpiganaji wao alipiga mateke hewani huku anakimbilia nyuma, na waliokumbuka wakashangilia. Kisha mambo yakakaa sawa. Sikuona walivyofanya, hawakusemezana neno. Nilichoona ni mabega yao mawili ya kizee yamebanana, na Ngumi anaanza kutoka jasho. Moto ukatoka. Mpiganaji wao akaruka juu kabisa, moto ukapita chini ya miguu yake, na kelele zilizopigwa pale zilimwamsha kila mtoto mchanga wa mtaa.

"Tena!" Ngumi akadai.

Wakacheza tena. Na tena. Dereva alirudi kwenye lori lake akakaa, akatazama saa, akapiga honi. Akapiga nyingine ndefu.

Mume wangu hakuondoa macho kwenye skrini. "Mama watoto, mwambie dereva nitachelewa."

Nilikwenda nikamwambia. Nikamwambia pia ashushe godoro.